Kiti cha Kitubio si Ofisi ya Mnasihi

Katika parokia nyingi za Tanzania, hasa majuma ya mwisho ya Kwaresima na ya Majilio, foleni ya waumini wanaosubiri kuungama husogea polepole kuliko idadi yao inavyoashiria, na sababu yake haihitaji utafiti mkubwa kuitambua: wengi wanaopiga magoti mbele ya padre hawaji na dhambi peke yake, bali huja pia na habari za mume mlevi, mtoto aliyeacha shule, marejesho ya mkopo wa kikundi yaliyowashinda na usiku mwingi usio na usingizi. Wakati huohuo, mshauri nasaha wa kituo cha afya, ambaye kazi yake ni kumsaidia mtu ayatazame maisha yake na kuamua la kufanya, huulizwa mara kwa mara swali lisilo la fani yake, yaani kama Mungu bado anaweza kumsamehe mtu wa namna hiyo. Kila mmoja amepelekewa mzigo wa mwenzake, na aghalabu hakuna anayemwambia mwenye mzigo kwamba mlango aliobisha sio.

Msimamo wa makala haya ni kwamba huduma hizi mbili, kuungama kwa kidini na unasihi wa mtu binafsi, zinatofautiana kwa lengo, kwa mamlaka na kwa masharti ya siri, na kwamba kuzichanganya humuumiza zaidi yule asiye na dhambi yoyote katika jambo lililompeleka pale, yaani mtu aliyetendewa. Lipo jibu jepesi linalotolewa dhidi ya msimamo huu, kwamba la muhimu ni mtu kusema yaliyo moyoni, kwa kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikutaja maradhi yafichuliwe kwa nani.

Kazi ya kitubio

Kwa Wakatoliki, kitubio ni sakramenti, yaani ishara inayoaminiwa kuleta neema ile inayoiashiria, na hatua zake zinafahamika kwa kila aliyepitia mafundisho ya komunyo ya kwanza: kutafuta dhambi moyoni, kuzijutia, kukusudia kuziacha, kuziungama kwa padre na kutimiza malipizi. Kilele chake ni maondoleo, tamko ambalo padre hulitoa bila kutegemea busara wala elimu yake mwenyewe, bali kwa mamlaka ambayo Kanisa linaamini Kristo aliwakabidhi mitume. Ndiyo maana padre kijana, akishapewa ruhusa ya kuungamisha, hutoa maondoleo yaleyale yanayotolewa na askofu mzee mwenye shahada tatu, na muungamaji hana sababu ya kutafuta aliye hodari zaidi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kitubio kinahusu kosa la muungamaji mwenyewe na si la mtu mwingine. Mtu haungami dhambi za mkwe wake, wala za mwajiri, wala za mume, hata kama dhambi hizo ndizo zilizomkosesha amani mwaka mzima.

Mkanganyiko wa leo una mizizi ya kale na yenye heshima. Katika karne za mwanzo za Ukristo, toba kwa makosa mazito ilifanyika hadharani na kwa kawaida mara moja tu maishani, mpaka wamonaki wa Ireland walipoeneza barani Ulaya, kuanzia karne ya 6 na ya 7, desturi ya kuungama kwa faragha na kwa kurudia. Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215 ukaamuru kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka, na kanuni hiyohiyo, ya 21, ikamtaka padre awe kama tabibu stadi anayemimina divai na mafuta juu ya jeraha, akichunguza kwa uangalifu hali ya mkosaji na ya kosa ili ajue ushauri wa kumpa. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwaka 1551, ulikazia sura nyingine, ya padre kuwa hakimu anayetoa hukumu. Tangu hapo hakimu na tabibu wamekaa kiti kimoja, na muumini asiyejua historia hii hawezi kulaumiwa akidhani kwamba tabibu huyo anatibu kila kinachouma, ilhali amewekwa kutibu jeraha ambalo mtu amejitia kwa kosa lake mwenyewe.

Kazi ya mnasihi

Unasihi, au ushauri nasaha, ni mazungumzo ya kitaalamu ambamo mtu, anayeitwa mteja, husaidiwa kuelewa hisia, tabia na mazingira yake ili afikie uamuzi ulio wake. Jina hilo la mteja lilienezwa na mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1942 aliacha kumwita mtu huyo mgonjwa, na ambaye baadaye, mwaka 1957, alieleza sifa tatu zinazompasa mnasihi: kumwelewa mteja kana kwamba yumo ndani ya hali yake, kumkubali bila masharti, na kuwa mkweli bila kuvaa sura ya bandia. Si jambo la kupuuza kwamba Rogers mwenyewe alisoma katika seminari ya teolojia mjini New York kabla ya kuhamia saikolojia, kwa maana wanasihi wa kwanza wengi walitoka palepale walipotoka wachungaji, wakachukua usikivu wa kichungaji na kuiacha altare nyuma.

Waliuacha pia uwezo wa kusamehe kwa jina la Mungu, na kuuacha huko ni sehemu ya uaminifu wa taaluma. Mnasihi hatoi malipizi wala hamwamuru mteja asirudie, bali humsaidia aone kwa nini anarudia. Mnasihi anayemwambia mteja kwamba hana hatia yoyote, wakati mteja mwenyewe anajua kuwa amemdhulumu mdogo wake shamba la urithi, amejitwalia madaraka asiyopewa na mtu, na pengine amemnyima mteja huyo nafasi ya kwenda kulirudisha shamba.

Hapa nchini, familia za kawaida zilikutana na huduma hii kwa kishindo wakati wa janga la UKIMWI, lililothibitishwa kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, na baadaye Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ikaweka ushauri nasaha kabla na baada ya kupima kuwa sehemu ya utaratibu. Katika miaka ambayo mimbari nyingi zilikuwa zikiutaja ugonjwa huo kama adhabu ya uzinzi, mshauri aliyeketi na mke aliyeambukizwa ndani ya ndoa yake alifanya jambo ambalo kitubio kisingeweza kulifanya kwa ajili yake, yaani alitenganisha virusi na dhambi. Mke huyo hakuwa na la kuungama. Alikuwa na watoto wa kulea, dawa za kumeza na mume wa kuzungumza naye, na mambo yote matatu yalihitaji mtu wa kukaa naye zaidi ya dakika tano.

Siri ya huku na siri ya kule

Tofauti inayoweza kumgharimu mtu zaidi ni ya siri. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 983, zinasema kwamba siri ya maungamo haivunjiki kwa namna yoyote, na muungamishi anayeivunja moja kwa moja hujitenga na Kanisa papo hapo, adhabu ambayo Roma peke yake ndiyo inayoweza kuiondoa. Mapokeo yanamkumbuka Yohane wa Nepomuk, padre aliyetoswa katika mto Vltava mjini Prague mwaka 1393, kama shahidi aliyekufa kwa kukataa kufichua maungamo ya malkia. Kanuni ya 984 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inamkataza padre kuyatumia aliyoyasikia kwa namna ya kumdhuru muungamaji hata pale ambapo hakuna hatari ya siri kutoka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata imeapishwa isiseme hata ikivunjwa.

Siri ya mnasihi ni nzito lakini ina mipaka, na mnasihi mwadilifu huitaja mipaka hiyo mwanzoni kabisa, kabla mteja hajafungua kinywa. Mahakama ya Juu ya jimbo la California, Marekani, katika kesi ya Tarasoff iliyoamuliwa mwaka 1976, ilisema kwamba mtaalamu wa afya ya akili anayeambiwa na mteja kuwa anakusudia kumuua mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda anayelengwa, na fikra hiyo imeenea katika mafunzo ya wanasihi sehemu nyingi za dunia. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake, na mshauri nasaha naye ni mwanajamii.

Ipo pia sehemu ya tatu, ambayo wanandoa wengi huidhania kuwa ni kitubio kwa sababu tu anayeongoza kikao amevaa kanzu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kwamba, isipokuwa katika hali chache, shauri la talaka lipitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na inaruhusu vyombo vya jumuiya za dini kutambuliwa kuwa mabaraza ya namna hiyo. Baraza likishindwa kuwapatanisha wenzi, hutoa hati yenye matokeo ya uchunguzi wake, na hati hiyo huenda mahakamani. Mume anayekiri mbele ya kikao hicho kwamba ana nyumba ndogo, akiamini kwamba yaliyosemwa mbele ya padre au shekhe hufia hapo, hana kinga yoyote ya kitubio. Ni wangapi wanaoambiwa hivyo kabla kikao hakijaanza?

Wasio na kiti cha kitubio

Katika Uislamu hakuna mwanadamu anayesimama kati ya mja na Mola wake katika kusamehewa. Toba hutimia kwa kuliacha dhambi, kulijutia na kuazimia kutolirudia, na kama limegusa haki ya mtu, kwa kumrudishia haki yake au kumwomba radhi, na mafundisho ya Mtume yanakemea mtu kuyatangaza maovu ambayo Mwenyezi Mungu alikwisha kuyasitiri. Muislamu wa Tanga au Unguja anayemwendea shekhe huenda kutaka nasaha, fatwa au sulhu, na kwa ugomvi wa ndoa Sura An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza kuwekwa mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke. Kwa hiyo tatizo linalojadiliwa hapa linawagusa Waislamu kwa sura nyingine: hatari yao si kudhani kwamba shekhe amewaondolea dhambi, ni kunyamazia dhuluma kwa kisingizio cha sitara, kana kwamba kusitiri dhambi lako mwenyewe na kusitiri ukatili wa mtu mwingine ni jambo moja.

Walutheri nao waliibakiza nafasi ya kuungama kwa faragha, kwa kuwa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linataka maondoleo ya binafsi yaendelee kuwapo makanisani bila kulazimisha mtu aorodheshe kila kosa, ingawa katika sharika nyingi ungamo linalosikika leo ni lile la wote kwa pamoja mwanzoni mwa ibada. Kilichobadilisha mambo zaidi katika Afrika Mashariki ni Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Uganda, Kenya na Buhaya nchini Tanzania, na kulea watu kama Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Walutheri huko Bukoba. Walokole, kama wafuasi wa Uamsho huo walivyoitwa, waliungama hadharani. Wengine walirudisha mali walizoiba na kulipa madeni ya zamani, jambo ambalo viti vingi vya kitubio havijawahi kulishuhudia. Lakini mtu aliyetangaza uzinzi wake mbele ya kusanyiko alikuwa ametangaza pia, atake asitake, habari za mke wake na za yule mwanamke mwingine, ambao hawakuombwa ruhusa. Muungamaji alirudi nyumbani mwepesi. Aliyeketi naye jikoni usiku huo hakuwa mwepesi hata kidogo, na kwa ajili yake hakuna mkutano ulioitishwa.

Aliyetendewa amepiga magoti

Fikiria mwanamke anayeungama kwamba amemchukia mumewe. Kwa kanuni za kitubio ameungama sawasawa, kwa kuwa chuki ni yake, na muungamishi mwenye haraka, mwenye foleni inayofika mlangoni, atamhimiza asamehe na amwombe mumewe radhi, atampa sala za malipizi na kumruhusu aende kwa amani. Ngumi iliyozaa chuki hiyo haikutajwa, kwa sababu si dhambi yake. Mwanamke huyo anarudi nyumbani akiwa na wajibu mpya, wa kumwomba radhi mtu aliyemvunja mkono, na watoto wanaotazama wanajifunza kutoka kwa mama yao nani huomba radhi katika nyumba ile. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote, na madhara yamekwisha kutendeka.

La msichana ni zito zaidi. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeingiliwa na mjomba au na mwalimu wake, na ambaye katika mafundisho ameisikia amri ya sita mara nyingi kuliko alivyowahi kusikia habari za haki zake, ataeleza jambo hilo kwa lugha pekee aliyopewa, yaani kwamba ametenda uchafu. Akipewa maondoleo bila kuulizwa chochote, atakuwa amethibitishiwa na mtu anayemheshimu kuliko wote kwamba kosa lilikuwa lake. Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikani inayoshughulikia mambo ya dhamiri, iliandika tarehe 29 Juni 2019 kwamba muungamaji anapokuwa ndiye aliyetendewa uovu, muungamishi anapaswa kumweleza haki zake na njia halisi za kisheria za kutoa taarifa, serikalini au kanisani. Maelekezo hayo ni ya maana kubwa, kwa sababu yanakiri kwamba ndani ya kiti cha kitubio huweza kuketi mtu ambaye hitaji lake haliwezi kutimizwa hapo.

Waraka huohuo unakataza kumshurutisha muungamaji ajisalimishe kwa vyombo vya dola kama sharti la kuondolewa dhambi, na hapo ndipo wengi hukasirika, si bila sababu. Tume ya Kifalme ya Australia iliyomaliza kazi mwaka 2017, na tume huru ya Ufaransa iliyotoa ripoti mwaka 2021, zote mbili zilizochunguza unyanyasaji wa watoto, zilitaka siri ya maungamo isiwe kizuizi cha kuwalinda watoto, na baadhi ya majimbo ya Australia yamekwisha kutunga sheria ya namna hiyo. Hata hivyo inaelekea kwamba kuivunja siri hiyo kungefukuza wakosaji kutoka kitubioni kuliko kuwakamatisha, kwa kuwa hakuna mbakaji atakayeungama akijua polisi wanasubiri nje. Penye faida ya hakika zaidi ni upande wa aliyetendewa, ambaye siri hiyo haimfungi hata chembe, ila mara nyingi hajaambiwa hivyo. Muungamishi amefungwa mdomo. Muungamaji yuko huru kusema popote. Asipolijua hilo, kitubio hugeuka funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu kweli hupita, siku hiyo na siku nyingi baadaye.

Lipo kundi lingine linaloumizwa kwa namna tofauti, la wale wanaoungama dhambi ileile kila juma, wakiwa na hakika kwamba walisahau neno moja na kwamba maondoleo yaliyopita hayakushika. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliteswa na hali hiyo huko Manresa mwaka 1522 kiasi cha kushawishika kujiua, ingawa aliungama tena na tena. Madaktari wa leo wangeitambua hali ya namna hiyo kuwa inaelekea kwenye ugonjwa wa wasiwasi wa kujirudia, na mtu aliye nao hatulizwi kwa kuungama mara nyingine, kwa kuwa kila maondoleo humpa jambo jipya la kutilia shaka. Padre anayemwambia mtu wa namna hiyo apunguze kuungama na aende akamwone daktari wa afya ya akili hajamfukuza katika imani.

Padre hana karo

Kwa nini basi watu wanaendelea kupeleka kila kitu kitubioni? Kwa sababu hakina malipo, hakihitaji miadi, kipo hata kigangoni kusiko na zahanati, na jirani anayemwona mtu kwenye foleni ile humdhania mchamungu, ilhali akimwona mlangoni kwa mshauri nasaha humdhania ama mgonjwa ama mwenye ndoa iliyovunjika. Wanasihi wa kulipwa wapo mijini, na ada yao ya saa moja huwa kubwa kwa kaya inayoishi kwa kibarua. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo zingefikiriwa kuwa mbadala, hazifai kabisa kwa kazi hii, kwa sababu waliomo ni majirani wa mtaa mmoja, na neno lililosemwa Jumamosi asubuhi huwa limefika kisimani kabla ya jua kuzama.

Kanisa lenyewe lilikwisha kuona hatari ya kukalia viti viwili kwa pamoja, kwani kanuni ya 985 inawakataza walezi wa wanovisi na magambera wa seminari kuwaungamisha walelewa wao, isipokuwa mlelewa mwenyewe aombe kwa hiari katika jambo mahususi. Hekima hiyo ingeweza kuongoza parokia pia: siku na chumba cha mashauri vitengwe na saa za kitubio, na pale inapowezekana anayesikiliza mashauri awe mtu mwingine, mtawa au mlei aliyesomea unasihi, huku ukutani pakibandikwa mahali lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto.

Pale ambapo padre ni mmoja na vigango ni vingi, mashauri yataendelea kumwangukia mtu yuleyule, na linalowezekana ni dogo zaidi. Akisikia kitubioni jambo linalohitaji msaada mwingine, hawezi kulibeba yeye kulitoa nje, hata kwa nia njema, lakini anaweza kumuuliza muungamaji, palepale, kama yuko tayari kulieleza upya baada ya ibada, chini ya mwembe au ofisini kwa katekista, akiwa amekaa kwenye kiti badala ya kupiga magoti, na kumweleza wazi kwamba huko hakutakuwa na maondoleo, na kwamba siri ya huko itakuwa na mipaka ambayo ataelezwa kwanza.